Mwasumini Unataka Jua na Mkasi: Majibu kwa Wasomaji

Kipupwe kinaelekea mwisho, na kwa mwenye mwasumini nyumbani hizi ndizo wiki zenye kazi. Kitakachofanywa sasa hadi katikati ya Agosti ndicho kitakachoamua kama Oktoba nyumba itanukia au itabaki na majani matupu. Tumezitoa mbele barua zote zinazohusu asumini, ile nyeupe ya kutungia vikuba (vishada vya maua na majani ya kunukia), ambayo wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac.

Mwasumini wangu una miaka miwili. Umestawi vizuri, majani yanang'aa. Niliupanda chini ya mwembe usiungue na jua, na kila mwezi naupa urea kijiko kimoja. Ua hata moja sijaliona. Nakosea wapi?
*Mama wa watoto watatu, Tabata*

Mama, makosa ni matatu. Mawili umeyataja mwenyewe, na la tatu limejificha katika lile neno "umestawi".

Tuanze na mwembe. Mwasumini asili yake ni Asia ya Kusini, upande wa India na Bhutan, na ni mmea wa jua. Ili uchanue sawasawa unataka jua linaloupiga wenyewe, si mwanga tu, kwa saa sita kila siku. Ukipata saa nne utatoa maua ya kuhesabu. Chini ya mwembe hupata vijimwanga vya kupenya majani, na mizizi ya mwembe inaushinda kwa maji na chakula. Hautakufa, maana majani yake hayapukutiki mwaka mzima, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Tazama tawi lake kwa karibu: majani hukaa wawiliwawili, jozi juu ya jozi. Penye jua jozi hizo hukaribiana na tawi huwa gumu. Kivulini tawi hurefuka, jozi huachana, na ncha hulala ikitafuta pa kushika.

Urea nayo karibu nusu yake ni naitrojeni, yaani asilimia 46, na haina kingine cha kusaidia maua. Umekuwa ukiuambia mmea "ota majani", nao umetii. Iache. Nunua NPK ya 17:17:17, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa kwa sawa, ambayo maduka ya pembejeo huuza kwa kupima hata robo kilo. Kwa mmea ulio ardhini weka kijiko kimoja cha chakula kila baada ya wiki sita, ukikizungusha umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye shina, juu ya udongo ambao tayari umelowa. Ukiweka kwenye udongo mkavu utaunguza mizizi. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, ongeza samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nusu ndoo ya lita 20. Samadi mbichi ya kuku usithubutu.

Sasa mkasi, na hapa ndipo wengi wenye huruma na mimea hukwama. Mwasumini hutoa vitumba kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi la mwaka jana likiachwa hivyo hivyo linabaki kuwa gogo la kubebea majani. Ukilikata, kwenye kila jozi ya majani iliyobaki chini ya mkato hutoka machipukizi mawili, na kila moja lina nafasi ya kubeba maua. Kwa hiyo kukata ndiko kuzidisha.

Fanya hivi. Punguza maji kwa siku kumi, umwagilie tu majani yakianza kulegea. Kisha noa mkasi, uufute kwa kitambaa chenye spiriti, na ukate mmea mzima ubaki kimo cha sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini, yaani kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kila mkato uwe nusu sentimita juu ya jozi ya majani, ulale kidogo ili maji yasisimame. Ondoa kabisa matawi yaliyokauka, membamba kama njiti, na yanayogeukia ndani. Utaonekana umeuharibu. Usiogope. Rudisha maji na mbolea siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki mbili utaona nukta za kijani zikijitokeza kwenye vifundo, na katika wiki ya sita hadi ya kumi vitumba vya kwanza.

Ila kwako wewe, mama, mkasi peke yake hautasaidia mmea ukibaki pale. Ukishaukata, uchimbue na donge la udongo lenye upana wa sentimita 40, uuhamishie penye jua la asubuhi, na kwa siku kumi za mwanzo uufunike kwa kipande cha kiroba cha wavu. Majani yaliyozoea kivuli yakitupwa juani ghafla huungua mabaka ya kahawia.

Nakaa ghorofa ya tatu Upanga. Nina baraza mbili, moja inatazama kaskazini, nyingine kusini. Mwasumini wa kwenye chombo niuweke wapi?
*Msomaji, Upanga*

Zote mbili, kwa zamu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wetu wa kaskazini tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia kusini hadi Machi tena. Wakati huu baraza ya kaskazini ndiyo yenye jua. Ikifika katikati ya Oktoba, chombo kihamie kusini. Jua la Desemba liko juu mno, karibu utosini, na dari ya baraza hulikata. Kwa hiyo sukuma chombo hadi ukingoni kabisa.

Chombo kisipungue sentimita 30 kwa upana, au tumia ndoo ya lita 20 yenye matundu matano ya kidole chini. Changanya karai mbili za udongo mweusi, moja ya mchanga wa mtoni na moja ya samadi iliyooza au mboji. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Ndoo nyeusi juani hupika mizizi, basi ivishe kiroba cheupe au uitie ndani ya chungu cha udongo. Kwa ndoo hiyo mbolea ya NPK ni kijiko cha chai kwa mwezi, si zaidi. Maji: chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka yatoke chini. Pakiwa na unyevu, acha hadi kesho.

Nimenunua "asumini" kandokando ya barabara. Inatoa maua meupe mwaka mzima, lakini nikikata tawi linatoka utomvu mweupe kama maziwa. Na harufu ni hafifu. Nimeuziwa nini?
*Kijana wa Mbagala*

Hujauziwa asumini. Mwasumini hauna maziwa hata ukiukata shina zima. Ulio nao ni mmea mwingine wa maua meupe ambao hupandwa sana mabustanini, Tabernaemontana, jamaa ya mioleanda. Ua lake lina ncha tano zilizojipinda upande mmoja kama pangaboi dogo. Ni mzuri kwa macho, lakini una sumu: usitie maua yake kwenye chai wala kwenye maji ya kunywa, na osha mikono baada ya kuukata.

Mwingine unaouzwa kwa jina hilo ni ule wa kutengenezea ua wa nyumba, wenye vijani vidogo vingi kwenye kikonyo kimoja. Sugua jani: likinukia kama ndimu, na baadaye ukaona matunda mekundu madogo, huo ni Murraya. Upo pia mwasumini wa kweli wa aina nyingine, Jasminum multiflorum, wenye manyoya laini kwenye majani na vitumba. Huchanua sana, ila harufu yake haifiki mlangoni.

Wa kwetu wa vikuba una jani moja moja lisilogawanyika, duara lenye ncha, laini, limekaa kwa jozi na mara nyingine matatu pamoja. Maua hutoka mafungu ya matatu hivi, na kila ua chini yake limeshikwa na vijiuzi vyembamba vya kijani. Dawa rahisi ya kutodanganywa ni kwenda kununua jioni, saa kumi na mbili, na kunusa kabla ya kulipa.

Majani yamekuwa ya njano lakini mishipa imebaki kijani. Mengine kingo zake zimekauka kahawia kama zimechomwa. Nimeongeza mbolea na majivu, hali imezidi.
*Msomaji, Kunduchi*

Hayo ni magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na majivu yamelizidisha la kwanza.

Njano yenye mishipa ya kijani, tena ikianzia kwenye majani machanga ya juu, ni upungufu wa madini ya chuma. Maeneo mengi ya pwani yetu yamekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo huo una chokaa nyingi. Chuma kimo, ila chokaa imekifunga, mizizi haiwezi kukifyonza. Majivu nayo huongeza hali ile ile ya chokaa. Acha majivu kabisa. Nunua salfeti ya chuma kwenye duka la pembejeo, yeyusha gramu 5 katika lita moja ya maji, na unyunyizie majani jioni, mara moja kwa mwezi, mpaka majani mapya yatoke kijani. Yale ya zamani hayarudi, usiyasubiri. Dawa hiyo huacha madoa ya kutu, basi usinyunyizie karibu na ukuta mweupe wala nguo zilizoanikwa. Kwa muda mrefu, tandaza mboji na majani makavu juu ya udongo unaozunguka shina, unene wa vidole vinne.

Kingo zilizoungua ni chumvi. Uliza nafsi yako unamwagilia maji gani. Kama ni ya kisima kirefu na sabuni haitoki povu vizuri, au ukiyaonja ulimi unahisi ukali, hayo ndiyo. Dalili nyingine ni ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye midomo ya chungu. Sukuma chumvi itoke: mwaga maji matamu mara tatu ya ujazo wa chombo, polepole, yaache yachuruzike yote, na sahani ya chini uiondoe. Baada ya hapo tumia maji ya bomba au ya mvua. Na kama kuna kiyoyozi nyumbani, kinga yale matone yake kwenye ndoo badala ya kuyaacha yatirike ukutani. Hayana chumvi, na chumba kimoja usiku kucha hutoa ya kutosha mimea kadhaa.

Nimeletewa matawi ya mwasumini wa bibi yangu kutoka Bagamoyo mara tatu. Nayachomeka, yanakaa kijani wiki mbili, kisha yanaoza. Mbegu nazo sijawahi kuziona.
*Dada, Kinondoni*

Mbegu usizitafute. Miasumini inayopandwa majumbani ni nadra sana kuzaa, ndiyo maana imevuka bahari kwa vipande vya matawi, toka mkono hadi mkono. Mmea wa bibi yako na huo utakaoupata ni mmea mmoja.

Matawi yako tunadhani yanaoza kwa sababu tatu: tawi changa mno, udongo mzito, na majani mengi. Chagua tawi lililokomaa nusu, yaani likikunjwa linapinda kwa ubishi bila kuvunjika, limeshaanza kugeuka kahawia chini. Likate kwa urefu wa sentimita 12 hadi 15, lenye vifundo vitatu au vinne, mkato wa chini upite mara tu chini ya kifundo, kwa kuwa mizizi hutokea hapo. Ondoa majani yote isipokuwa jozi ya juu, na jozi hiyo uikate nusu. Kutoka Bagamoyo yafungwe kwa gazeti lililoloweshwa, ndani ya mfuko, na yachomekwe siku hiyo hiyo.

Kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, kijazwe mchanga wa mtoni na makumbi ya nazi yaliyosagika, nusu kwa nusu. Samadi isiwemo hata chembe: mkato ulio wazi ukigusa samadi huoza. Toboa tundu kwa kijiti kwanza, chomeka vifundo viwili viwe chini, kandamiza. Funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko chake ukifungue dakika chache kila asubuhi. Kiweke kivulini penye mwanga. Wiki nne hadi sita, vuta kidogo: ukiona linashikilia, mizizi ipo. Masika ndiyo majira bora ya kazi hii. Sasa hivi utapata, ila taratibu.

Au ukifika kwa bibi mwenyewe, lalisha. Inamisha tawi refu hadi chini bila kulikata, likwangue ganda kidogo upande wa chini, lifukie sentimita 5 hadi 7, ulibane kwa jiwe. Miezi mitatu hadi minne baadaye unalitenga na mama yake likiwa na mizizi yake. Njia hii hushindwa mara chache sana.

Nina shughuli ya harusi. Nikichuma asumini asubuhi, jioni zimekuwa za kahawia na harufu imepotea. Wanaotunga koja hufanyaje? Na je, naweza kuzitia kwenye chai?
*Shangazi wa bi harusi, Magomeni*

Shangazi, unachuma ua lililokwisha kazi yake. Asumini hufunguka usiku. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoipa jina mwaka 1753 aliiweka katika kundi la Nyctanthes, yaani maua ya usiku. Linalokutazama asubuhi limeshamwaga harufu yake kuu.

Chuma vitumba, si maua. Saa kumi alasiri pita ukitafuta vile vilivyonenepa, vyeupe pe, shingo yake imerefuka, ila midomo bado imefumba. Vyenye rangi ya kijani viache, ukivichuma leo havitafunguka tena. Shika kwa shingo, usibonye kichwa, maana kila alama ya kidole itageuka doa la kahawia. Tandaza kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kikakamuliwa sana, kunja, weka mahali pa baridi. Matone ya maji juu ya vitumba ndiyo huvigeuza rangi, kwa hiyo usivirashie. Ukivitia jokofuni, viwe kwenye bakuli lenye kifuniko, rafu ya chini, mbali na barafu, na hapo vitakusubiri hadi kesho yake.

Tunga kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba, ukipitisha kwenye shingo, kabla ya magharibi. Saa moja hadi saa mbili usiku vitafunguka vikiwa tayari kwenye nywele za bi harusi. Kwa vikuba, funga pamoja na rihani na mlangilangi, kaza kwa uzi lakini usinyonge.

Kwa chai, hakikisha mmea haujapuliziwa dawa yoyote. Chukua gramu 100 za majani makavu ya chai, ya kijani yakipatikana, panga tabaka la chai na tabaka la vitumba vilivyochumwa jioni hiyo, kiasi cha viganja viwili, funika. Maua yakifunguka usiku, majani makavu hunywa harufu. Hunywa pia unyevu, kwa hiyo asubuhi toa maua yote na uanike chai kivulini penye upepo mpaka iwe kavu kabisa, la sivyo itaota ukungu. Rudia usiku wa pili na wa tatu kwa maua mapya. Wachina hutengeneza chai yao ya asumini kwa mwendo huo huo.

Jambo moja kwa wanaonyonyesha: kusini mwa India kina mama hufunga maua haya kifuani wanapotaka kukausha maziwa, na utafiti wa madaktari wa huko uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kuwa maziwa hupungua kweli. Mwenye mtoto mchanga kikuba chake akivae nywelani.

Jirani ananitaka niung'oe, anasema asumini huita nyoka.
*Msomaji, Temeke*

Harufu ya ua haimwiti nyoka. Nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Mwasumini usiopogolewa hugusa ardhi na kufanya pango la giza, na hilo ndilo analolipenda. Ondoa matawi yote ya sentimita 30 za chini, fagia majani makavu yaliyo shinani, na jirani aone ardhi tupu.

Maua yangu ni mviringo, yamejaa petali kama waridi dogo. Ni asumini?
*Msomaji, Sinza*

Ndiyo, ni aina yenye petali nyingi. Hukua polepole na hutoa maua machache. Usiipogoe kwa nguvu kama tulivyomwelekeza mama wa Tabata. Theluthi moja inatosha.

Majani yana weusi kama masizi, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka.
*Msomaji, Ubungo*

Geuza jani. Utakuta vidudu vyeupe vya unga kama pamba, au magamba madogo ya kahawia yaliyoganda kwenye mshipa. Hao hufyonza utomvu na kutoa maji matamu. Weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo, na sisimizi ni walinzi wanaokula hapo na kuwafukuza wadudu wa kuwala. Ukipiga dawa ya ukungu umepoteza fedha.

Kwanza pitisha kitambaa chenye spiriti kwenye makundi unayoyaona. Kisha twanga gramu 50 za kokwa za mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji, na upulize chini ya majani jua likishazama. Mchana huunguza. Rudia kila siku ya saba mara tatu, kwa sababu mayai hayafi na dawa ya kwanza. Sisimizi nao wakatie njia: zungushia shina utepe uliopakwa grisi, na hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta, maana watapita huko.